Pampu ya bluu na swali la "ipi bora?"

Kama una ndugu mwenye pumu, ile pampu ya bluu unaijua. Inakaa kwenye mkoba, kwenye gari, chini ya mto. Kifua kikibana anaitikisa, anabonyeza, anavuta, na baada ya dakika chache unaona mabega yake yanashuka. Ndani mna salbutamoli, na kazi yake ni moja tu: kulegeza misuli inayoibana mirija ya hewa. Kazi hiyo inaifanya vizuri mno. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 60, na vifo vya vijana wengi, kwa sayansi kuelewa kwamba dawa inaweza "kufanya kazi vizuri" na bado isiwe inamsaidia mgonjwa vile tunavyodhani.

Swali lenyewe linaonekana jepesi. Una dawa mbili za kuvuta, A na B. Ipi bora? Utasema: wape watu, uone nani anapumua vizuri zaidi. Sawa. Lakini uwape watu gani? Uwalinganishe na wanaotumia nini? Na unahesabu nini: hewa anayotoa mgonjwa dakika kumi baada ya kuvuta, au kama bado yuko hai miaka mitatu baadaye? Twende nayo taratibu, maana kila swali kati ya hayo lina kisa chake.

Kopo lililotokana na swali la mtoto

Kabla ya 1956, kuvuta dawa ya pumu ilikuwa shughuli. Ulaya ya karne ya 19 watu walivuta sigara za pumu zilizosokotwa kwa majani ya datura. Ndiyo, sigara, kwa ajili ya mapafu! Na cha kushangaza zilisaidia kidogo, kwa sababu datura ina atropini, ambayo hulegeza mirija ya hewa. Baadaye vikaja vipulizio vya kioo vyenye kipira cha kubinya kwa mkono, vikiwa na adrenalini ndani. Vilivunjika, vilivuja, na kila ulipobinya kilitoka kiasi tofauti.

Mwaka 1955, Marekani, George Maison alikuwa kiongozi wa kampuni ya Riker Laboratories. Binti yake Susie, wa miaka 13, alikuwa na pumu. Akamuuliza baba: kwa nini dawa yangu isiwekwe kwenye kopo la kupuliza kama dawa ya nywele? Baba akalipeleka swali kwa wakemia wake. Wakachukua vali iliyobuniwa kwa ajili ya manukato, yenye uwezo wa kutoa kiasi kilekile kila ukibonyeza, wakaiunganisha na gesi ya kusukuma, na Machi 1956 Medihaler ikaingia sokoni. Pampu unayoiona leo ni mjukuu wake wa moja kwa moja.

Medihaler ilikuja na adrenalini au isoprenalini. Unajuaje kama dawa hiyo inafaa? Kwa wakati ule jibu lilikuwa la mashine: mgonjwa anavuta pumzi hadi mwisho, anaitoa kwa nguvu zote kwenye kipimo, na unasoma ni hewa kiasi gani imetoka ndani ya sekunde ya kwanza. Anavuta dawa, anapuliza tena. Namba ikipanda, dawa inafanya kazi. Namba ilipanda sana. Kwa kipimo hicho, pampu mpya ilishinda kila kitu kilichokuwepo, na hakuna aliyedanganya. Kipimo chenyewe ndicho kilichokuwa kifupi. Kilihesabu dakika.

Namba za vifo zilizogoma kushuka

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuna jambo lilianza kuonekana kwenye vitabu vya vifo vya Uingereza na Wales. Vifo vya pumu, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa havisogei sana, vikaanza kupanda, na walioongoza walikuwa vijana. Mwaka 1968 Frank Speizer, Richard Doll na Peter Heaf walichapisha hesabu. Doll ni yuleyule aliyekuwa ameonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, kwa hiyo alikuwa anajua jinsi ya kusoma mafaili ya marehemu. Kwa watoto wa miaka 10 hadi 14, vifo vya pumu vilikuwa vimepanda karibu mara 8 ndani ya miaka 7. Mwaka 1966, pumu peke yake ilibeba takriban asilimia 7 ya vifo vyote vya umri huo.

Walifanya kazi ya kuondoa maelezo mengine moja baada ya jingine. Je, madaktari wameanza tu kuandika "pumu" kwenye vyeti vya vifo zaidi ya zamani? Hapana. Je, watu wenye pumu wameongezeka ghafla? Hapakuwa na dalili hiyo. Kilichobaki ni matibabu mapya. Mauzo ya pampu yalikuwa yanapanda sambamba na vifo, na walipochunguza vifo kimojakimoja, wengi wa marehemu walikuwa wametumia pampu. Mamlaka za dawa za Uingereza zilitoa onyo mwaka 1967, na mwishoni mwa 1968 pampu zikawa haziuzwi tena bila cheti cha daktari. Mauzo yakashuka, vifo vikashuka.

Hapo mtu makini anauliza: mbona Marekani, ambako pampu ilizaliwa, hakukuwa na mlipuko wa vifo? Hilo ndilo swali alilolishika Paul Stolley, mtafiti Mmarekani, mwaka 1972. Alilinganisha nchi na nchi, na jibu lake lilikuwa kwenye maandishi madogo ya kopo. Kulikuwa na isoprenalini ya kawaida, na kulikuwa na nyingine iliyoitwa "forte," ambayo kila mbonyezo ulitoa dawa mara 5 zaidi. Uingereza, Ireland, Norway, Australia na New Zealand ziliuza forte, na vifo vilipanda huko. Marekani forte haikuruhusiwa.

Hadi leo watu wanabishana kilichoua hasa ni nini. Inawezekana ni dozi kubwa kwenye moyo uliokosa oksijeni, maana isoprenalini inapiga moyo na mapafu kwa pamoja. Inawezekana ni kwamba pampu ilimpa mgonjwa nafuu ya kutosha kubaki nyumbani saa kadhaa zaidi, wakati alipaswa kuwa hospitalini. Inawezekana ni yote mawili. Lakini angalia kilichotokea kwenye swali letu. Kwa kipimo cha dakika kumi, forte ilikuwa bora kuliko ya kawaida. Kwa kipimo cha mwaka, mambo yaligeuka.

Mwaka 1969 ikaja salbutamoli, kutoka maabara ya David Jack pale Allen & Hanburys, Uingereza. Hii ililenga mapafu zaidi na kuuacha moyo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1972 ikafuata pampu ya kwanza ya steroidi, beklometasoni, ambayo haimpi mtu nafuu ya papo hapo ila inatuliza uvimbe ulio ndani ya mirija siku baada ya siku. Hapo watu wakapumua, kwa maana zote mbili. Wakadhani kisa kimekwisha.

New Zealand, mara ya pili

Sehemu hii nitakaa nayo kidogo, maana kwa maoni yangu ndiyo somo bora kabisa la kulinganisha dawa ambalo mwanafunzi anaweza kupewa.

Mwaka 1976 New Zealand iliingiza pampu mpya, fenoteroli. Ilikuwa ndugu wa salbutamoli, ila kila mbonyezo ulitoa mikrogramu 200, wakati salbutamoli ilitoa 100. Madaktari wa huko waliipenda kuliko wenzao wa nchi nyingi. Na mara vifo vikaanza tena. Kufikia 1979, kwa watu wa miaka 5 hadi 34, pumu ilikuwa inaua zaidi ya watu 4 kwa kila 100,000 kwa mwaka, kiwango ambacho hakikuonekana kwingine. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa kwamba wagonjwa hawatibiwi vya kutosha, au wanachelewa hospitali.

Kikundi cha watafiti vijana pale Wellington, akiwemo Julian Crane, Richard Beasley, Carl Burgess na mtaalamu wa epidemiolojia Neil Pearce, kikaanza kuishuku dawa. Sasa jiulize: ungeithibitishaje shuku hiyo? Huwezi kuwagawa watu makundi mawili na kusubiri nani anakufa. Kifo cha pumu, hata katika mlipuko, ni nadra. Ungehitaji maelfu kwa maelfu ya watu, na hakuna kamati ya maadili itakayokuruhusu kumpa mtu dawa unayoshuku inaua.

Wakaanzia mwisho. Walichukua watu 117 wa miaka 5 hadi 45 waliokufa kwa pumu kati ya 1981 na 1983. Kwa kila mmoja wakatafuta wagonjwa wanne wa pumu ambao hawakufa, jumla 468. Kisha wakaangalia: nani alikuwa ameandikiwa dawa gani? Wale walioandikiwa fenoteroli walikuwa na hatari ya kifo mara 1.55 ya wengine.

Mara moja na nusu. Hapo pingamizi linajileta lenyewe, na ni pingamizi la haki kabisa. Fenoteroli ina nguvu, kwa hiyo madaktari waliwapa wagonjwa walio hoi zaidi. Walio hoi ndio wanaokufa. Ukihesabu miavuli mingi barabarani siku ya mvua, huwezi kusema miavuli ndiyo inayoleta mvua. Kama hatari yote inatoka kwenye ukali wa ugonjwa, dawa haina kosa.

Walichofanya baadaye ndicho kinachonifanya niipende makala yao. Walisema: sawa, basi tulinganishe walio hoi kwa walio hoi. Kama pingamizi ni la kweli, yaani kama fenoteroli ni mwavuli tu, basi ukiwachukua wagonjwa wakali peke yao tofauti inapaswa kupungua, hata kutoweka, kwa sababu sasa wote wamenyeshewa. Walipoangalia wale tu waliokuwa wamelazwa hospitali mwaka uliotangulia, hatari ikawa mara 2.16. Wale tu waliokuwa wanameza vidonge vya steroidi, mara 6.45. Wale wenye vyote viwili, yaani wagonjwa wakali kuliko wote, mara 13.29. Badala ya kutoweka, tofauti ilikua.

Makala ilitoka kwenye jarida la Lancet Aprili 1989, na haikutoka kirahisi. Mtengenezaji wa dawa aliipinga vikali, na wataalamu wa nje walikusanywa kuichambua hata kabla haijachapishwa. Baadhi ya hoja zao zilikuwa na uzito: taarifa za marehemu na za walio hai hazikukusanywa kwa njia moja, na idadi ya watu kwenye makundi madogo ilikuwa ndogo kiasi kwamba ile 13.29 ingeweza kuwa 4 au hata 50. Kikundi kikarudi kazini, kikafanya tafiti nyingine mbili kwa namna tofauti, na mwelekeo ukabaki uleule. Pia walipima moyo na potasiamu ya damu baada ya mivuto ya dawa hizo, na mvuto kwa mvuto, fenoteroli ilivuruga zaidi.

Halafu mwaka 1990 Malcolm Sears na wenzake wa Dunedin, huko huko New Zealand, wakaleta kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Waliwapa wagonjwa fenoteroli mara nne kila siku kwa wiki 24, na kwa wiki nyingine 24 wakawapa plasebo, yaani pampu isiyo na dawa, huku wakiruhusiwa kutumia pampu ya kweli pale tu wanapobanwa. Wagonjwa 57 walionyesha tofauti kati ya vipindi viwili. Kati yao, 40 walikuwa na hali nzuri zaidi walipokuwa kwenye plasebo. Soma tena hapo. Dawa iliyotanua mirija yao kila ilipovutwa, ikivutwa kwa ratiba kila siku, iliwaacha wengi wakiwa wabaya zaidi kwa jumla.

Serikali iliwahimiza madaktari waiache fenoteroli. Matumizi yakaporomoka, na vifo navyo. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba tatizo halikuwa fenoteroli kama fenoteroli, bali ukubwa wa dozi kwenye kila mbonyezo. Huenda. Kwa aliyezikwa 1982 haileti tofauti.

Ndoo chini ya paa linalovuja

Wakati huo huo ikaja salmeteroli, inayotanua mirija kwa saa 12 badala ya 4 au 6. Ilianza kuuzwa Uingereza 1990, na safari hii watu walikuwa wamejifunza: utafiti mkubwa ulifanyika, wa bahati nasibu, kule Marekani, kuanzia 1996. Wagonjwa wa pumu 26,355, nusu salmeteroli, nusu plasebo, juu ya dawa walizokuwa wakitumia tayari, kwa wiki 28. Ulisimamishwa kabla ya muda. Waliokufa kwa pumu: 13 upande wa salmeteroli, 3 upande wa plasebo.

Zingatia hayo maneno "juu ya dawa walizokuwa wakitumia tayari." Walikuwa wanatumia nini? Chini ya nusu walikuwa kwenye pampu ya steroidi. Fikiria nyumba yenye paa linalovuja. Ukiweka ndoo chini ya tundu, sakafu inabaki kavu, na unaweza kuishi hivyo muda mrefu huku mbao za paa zinaoza. Salmeteroli ni ndoo nzuri. Steroidi ndiyo fundi wa paa. Mgonjwa mwenye ndoo peke yake alijisikia vizuri hadi siku paa lilipoanguka.

Uthibitisho wa upande wa pili ulikuwa umeshatoka Kanada. Mwaka 2000 Samy Suissa na wenzake, wakitumia kumbukumbu za dawa za jimbo la Saskatchewan, walionyesha kwamba kila kopo moja la ziada la steroidi ya kuvuta ambalo mgonjwa alichukua ndani ya mwaka lilienda na hatari ya kifo iliyopungua kwa asilimia 21.

Kwa hiyo swali likabadilishwa: je, salmeteroli na ndugu zake ni hatari zikiwa ndani ya pampu moja na steroidi, ambapo mgonjwa hawezi kuchukua moja akaacha nyingine? Tafiti nne mpya, wagonjwa zaidi ya 40,000 kwa pamoja, zikajibu hapana, na Desemba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaliondoa onyo lake kali kwenye pampu hizo za mchanganyiko. Dawa ileile. Kilichobadilika ni alichokuwa nacho mgonjwa mkono wa pili.

Ugonjwa mwingine, kipimo kingine

Pumu siyo ugonjwa sugu pekee unaotibiwa kwa pampu. Kuna COPD, ule wa mirija kuziba taratibu na isirudi kama mwanzo, ambao Ulaya na Marekani unasababishwa zaidi na sigara na kwetu pia na moshi wa kuni na mkaa. Dawa ni zilezile kwa sehemu kubwa, pamoja na tiotropiumu, jamaa wa kisasa wa ile atropini ya sigara za datura. Ungedhani majibu ya pumu yanahamia huku moja kwa moja. Hayahamii.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa TORCH: wagonjwa 6,112, nchi 42, miaka 3, na kwa ujasiri mkubwa waliamua kuhesabu vifo. Kwenye plasebo walikufa asilimia 15.2. Kwenye mchanganyiko wa salmeteroli na steroidi iitwayo flutikasoni, asilimia 12.6. Inaonekana nzuri, sivyo? Lakini walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba matokeo yatahesabika kama uwezekano wa kuyapata kwa bahati tu uko chini ya 0.05, na wao wakapata 0.052. Miaka 3, maelfu ya watu, na jibu likaishia kizingitini. Tena waliokuwa kwenye steroidi peke yake walikufa asilimia 16.0, juu kidogo ya plasebo, na pampu zenye steroidi zilikuja na nimonia zaidi: asilimia 19.6 kwa mchanganyiko, dhidi ya 12.3. Yaani yule fundi wa paa aliyeokoa watu wa pumu, huku alikuja na gharama yake.

Halafu angalia kituko hiki. Mwaka 2016 utafiti wa FLAME, wagonjwa 3,362, ulilinganisha mchanganyiko wa dawa mbili za kutanua mirija na mchanganyiko wa dawa moja ya kutanua na steroidi. Walihesabu mara ambazo mgonjwa alizidiwa kwa mwaka. Bila steroidi: 3.59. Na steroidi: 4.03. Bila steroidi ikashinda. Miaka miwili baadaye utafiti wa IMPACT, wagonjwa 10,355, ulikuwa na makundi ya aina hizo hizo mbili pamoja na la tatu lililopata dawa zote tatu. Bila steroidi: 1.21. Na steroidi: 1.07. Na steroidi ikashinda. Zote zilipita kwenye jarida moja, New England Journal of Medicine. Umwamini nani?

Wote wawili, ukishajua waliingiza nani. FLAME iliwaondoa watu waliowahi kuwa na pumu, na kabla ya kuanza iliwaweka wote kwenye tiotropiumu na kusimamisha steroidi zao. IMPACT iliruhusu watu wenye historia ya pumu, na wagonjwa wengi waliingia wakiwa tayari wanatumia steroidi. Aliyeangukia kundi la "bila steroidi" alinyang'anywa dawa yake siku hiyo hiyo. Suissa, yule wa Saskatchewan, alionyesha kwamba pengo lilijitokeza zaidi miezi ya mwanzo. Kama ni hivyo, sehemu ya kilichopimwa siyo "steroidi inasaidia" bali "kukatisha steroidi ghafla kunaumiza," na hayo ni maswali mawili. Mwaka 2020 kampuni iliomba ruhusa Marekani ya kuandika kwamba pampu ya dawa tatu inapunguza vifo, ikitumia IMPACT. Jopo la washauri likakataa kwa kura 14 dhidi ya 1.

Siku hizi madaktari wa COPD wanaangalia damu: mgonjwa mwenye chembe nyeupe aina ya eosinofili kwa wingi anafaidika zaidi na steroidi, asiye nazo anabaki zaidi na hatari ya nimonia. Swali la "ipi bora" likawa "ipi bora kwako."

Na "wewe" huyo ni nani? Ili uingie TORCH ilibidi uwe umevuta sigara sawa na pakiti moja kwa siku kwa miaka 10. Tiotropiumu nayo ilipimwa kwa miaka 4 kwenye utafiti wa UPLIFT kwa sharti hilohilo. Mama aliyepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka 30, asiyewahi kugusa sigara, asingepita mlangoni. Anapopewa pampu hizo leo, anapewa kwa makadirio yaliyotoka kwenye mapafu ya watu wengine.

Kurudi kwenye pampu ya bluu

Mei 2019, miaka 30 tangu makala ya fenoteroli, ukatoka utafiti ulioitwa Novel START. Uliongozwa kutoka Wellington na Richard Beasley, yuleyule. Safari hii walichukua watu wazima 668 wenye pumu nyepesi, wale ambao kote duniani walikuwa wanapewa pampu ya bluu na kuambiwa "vuta ukibanwa." Kundi moja liliendelea hivyo hivyo. Jingine lilipewa pampu yenye steroidi na kitanuzi ndani ya kopo moja, budesonidi na formoteroli, nalo likaambiwa "vuta ukibanwa." Tabia ileile, mkono uleule unaotafuta mkoba usiku, ila kila mbonyezo unabeba pia fundi wa paa. Kuzidiwa kulipungua kwa karibu nusu. Utafiti una udhaifu wake, mkubwa ukiwa kwamba kila mtu alijua anatumia nini. Lakini ulikubaliana na nyingine za kipindi kile, na mwezi mmoja kabla, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, ulikuwa umeshaacha kushauri pampu ya bluu peke yake kwa watu wazima na vijana.

Shirika la Afya Duniani liliiweka budesonidi na formoteroli kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017. Kwenye nchi nyingi za kipato cha chini, hata hivyo, inayopatikana kirahisi na kwa bei ya mtu wa kawaida bado ni ya bluu.

Kwa hiyo hesabu moja ya kufanya nyumbani. Mwongozo huo wa GINA unasema anayemaliza pampu za bluu 3 au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa, na anayefika 12, yaani moja kila mwezi, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Najua, kama umesoma hadi hapa utaniuliza: si ni ule mwavuli tena? Labda anavuta sana kwa sababu anaumwa sana. Ni kweli, na kwa mtafiti tofauti hiyo ni kazi ya miaka. Kwa ndugu yako haina uzito wowote. Iwe pampu ya kumi na mbili ndiyo inayomdhuru, au inaonyesha tu kwamba mirija yake inazidi kuvimba, asiitupe, aendelee kuivuta akibanwa, na wiki hii hii aende kwa daktari akaulizie pampu ya steroidi.